Samaki Ambaye Hakuinuliwa Majini

Bonde la Kvamme,
Westby, Wisconsin.
9 Februari 1998.

Mpendwa mwanangu Arlys,

Pokea salamu za baba yako mkubwa. Natumaini joto la Arizona halijakuchosha, na kwamba kifua cha mtoto kimepona. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya baba yako.

Uliniomba nimpige picha akiwa na samaki, kwa kuwa daktari amesema huu uwe msimu wake wa mwisho kuingia mtoni. Sharti nieleze kwa nini bahasha hii haina picha.

Jumamosi tulishuka kijitoni saa saba mchana, jua lilipopata nguvu kidogo. Barafu ilishika kwenye pete za ufito wake wa kuvulia, zinazopitisha uzi, naye kila mara aliutumbukiza majini ili iyeyuke. Chambo chake, nzi wa bandia aliyefungwa kwenye ndoana, hakikuzidi punje ya ufuta. Mikono yake hutetemeka ashikapo kikombe. Ashikapo ufito, haitetemeki.

Saa nane na nusu yule samaki trauti mkubwa wa chini ya daraja, aliyemponyoka misimu mitatu, alinasa. Walivutana dakika kumi. Alipoingia wavuni, nilianza kuvua glavu nitoe kamera.

"Mwinue, Palmer," nilimwambia baba yako.

"Kwa baridi hii? Matamvua yake ya kupumulia yataganda."

"Mara moja tu. Arlys anataka picha."

"Arlys nilimfundisha mwenyewe kwamba samaki hatolewi majini, kaka. Wewe ndiye hujafundishika."

Glavu haijatoka, alikwisha kumchomoa ndoana humo humo majini. Samaki akaenda zake.

Unaujua ule ubao wa samaki wakubwa mkahawani: bila picha, jina haliandikwi. Tulipofika huko baba yako akamtaja samaki wake, na Einar, mteja wa kila siku, alianza kumtania.

"Picha iko wapi, Palmer? Au samaki hakuwa amechana nywele?"

Watu walicheka. Baba yako aliagiza kahawa. Ndipo nikasema nimemwona kwa macho yangu: inchi ishirini na mbili. Kicheko kilikatika, kwani mimi ndiye nimpunguziaye kila mtu inchi za samaki wake. Bi. Doris, mwenye mkahawa, alichukua chaki, akaandika jina la baba yako.

Miaka sitini nimemsahihisha ndugu yangu. Siku ile sikuwa na la kusahihisha.

Msalimie mumeo, Dale, na mjukuu wangu. Shangazi yako Borghild anakutumia mikate ya viazi kwa posta. Mungu awalinde nyumbani mwenu. Picha yako ndiyo barua hii. Ukitaka, itie kwenye fremu.

Akupendaye daima,
Baba yako mkubwa,
Alton Kvamme