Ushanga wa Haika na Nyundo ya Kaka Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Croydon, London. Jumatatu, 10 Novemba 2025.
Jina: Vaileth Elia Massawe. Umri: miaka 54. Kazi: kuhudumia wazee. Makazi: Thornton Heath. Dini: Mkristo.

Haika na Humphrey ni watoto wa kaka yangu. Mimi ni shangazi yao, na hapa London hawana mzazi mwingine. Haika ameolewa na Mjapani, ana mimba ya miezi mitano. Mwezi uliopita mama mkwe wake alimletea ushanga wa jiwe la kijani, wa kale sana, uliochongwa kwao Japani kabla watu hawajajua kuandika. Umejikunja kama mtoto tumboni. Haika akauvaa shingoni.

Afande, mimi niliogopa. Nikaandika kwenye kundi letu la maombi, WhatsApp: “Wapendwa, tumwombee Haika, amevaa kitu chenye umbo la mimba.” Kwetu mzigo huwekwa wazi ili wote tuubebe. Humphrey ndiye kiongozi wa kundi.

Mnamo Jumapili tarehe 9 Novemba, saa kumi alasiri, Haika alikuwa kwangu tunakunywa chai. Humphrey akaingia na mkoba wake wa kazi. Ni fundi wa vigae. Hata shikamoo hakunipa.

Akasema, “Vua hiyo hirizi.”

Haika akacheka. “Kaka, hata wataalamu wa kwao hawajui maana yake. Huyu anasema jino la mnyama, yule anasema mwezi, mwingine mtoto. Wewe wa vigae umejulia wapi?”

“Ni agano na mapepo. Litamla huyo mtoto.”

“Basi likemee kwa Kijapani, Kiswahili halisikii.”

Mimi nilicheka pia. Humphrey aliushika uzi akauvuta. Haukukatika haraka, Haika alikabwa, macho yakamtoka, kichwa kikagonga ukuta. Ulipokatika, ushanga ukaanguka mezani. Humphrey akatoa nyundo mkobani, akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Haika akaufunika kwa kiganja.

“Toa mkono, Haika.”

“Sitoi. Mama amenipa.”

Akapiga. Nilisikia mfupa. Haika hakutoa mkono. Akapiga tena, damu ikaruka mpaka kwenye vikombe. Nikamwita, “Humphrey, mwanangu, huyo ni dada yako!” Akainua mara ya tatu. Nikachukua birika nikammwagia chai ya moto shingoni. Akapiga yowe, nyundo ikamtoka. Nikaipiga teke chini ya kabati, nikakaa mbele ya Haika kumkinga kama kuku na vifaranga, nikapiga 999 kuita polisi.

Jiwe halikupasuka. Vidole vitatu vya Haika ndivyo vilivyovunjika. Hospitali wamesema moyo wa mtoto unadunda, ila bado wanamwangalia.

Maana ya ule ushanga siijui, na Mungu wangu hajaniambia. Leo asubuhi kaka yangu amenipigia kutoka Moshi. Amesema, “Dada, hao wote ni damu yako. Sema Haika aliteleza akaangukia meza.” Nampenda Humphrey, nimemlea. Haika hakuteleza. Humphrey alimpiga kwa nyundo, mara mbili, akijua mkono uko pale.

Nimesema nilichokiona kwa macho yangu, na mahakamani nitasema hivihivi.

Sahihi: V. E. Massawe

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa kwa Kiswahili na mkalimani Wambui. Alipoulizwa kama angependa kufikiri kwanza kabla ya kutia sahihi, alilia, akaomba kalamu.
Konstebo Dipti Rao