Msimamizi Lazima Awe Mke wa Mtu

Jumanne, 9 Juni 2015

Mama kusafishwa damu, asubuhi na mapema. Kama kawaida nikasinzia kwenye gari nje ya kliniki mpaka alipomaliza. Kisha uji wake. Kisha kazini. Maboksi. Joto la Louisville limeanza na ghala halina hewa.

Wakati wa mapumziko Spesi akaandika kwenye grupu letu. Anaolewa Agosti, huko huko Columbus. Ameweka picha ya pete. Konsolata akajibu kutoka Buffalo kabla sijamaliza kusoma: vigelegele, mioyo. Na mimi nikaweka mioyo.

Tulikua pamoja kambi ya wakimbizi, Kasulu, sisi watatu. Nyumba zetu zilipakana, kuni tulikwenda pamoja. Sasa Konsolata ana mume, watoto watatu na nyumba yenye ua upande wa Lackawanna. Spesi amemaliza uuguzi. Mimi nina miaka thelathini na mbili na ninalala chumba kimoja na mama yangu.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 13 Juni

Wiki nzima nilikuwa namngoja Spesi aniombe nisimame naye kanisani. Tuliahidiana tangu tukiwa wasichana. Leo amepiga. Alizunguka sana: habari za mama, habari za kazi, habari za joto. Kisha:

"Dafro, usinikasirikie. Mchungaji amesema msimamizi lazima awe mke wa mtu."

Nilijua. Kwetu hakuna asiyejua. Bibi harusi husimamiwa na mwanamke mwenye ndoa yake, ili ajifunze kwake. Nilijua na bado nilingoja, mjinga mimi. Watasimama Konsolata na mumewe. Mimi nimepangwa na wasichana, gauni la zambarau. Mmoja wao ana miaka kumi na saba.

Nikamwambia haina shida. Shida iko.

Jumapili, 28 Juni

Baada ya ibada Konsolata kapiga. Amenipatia mtu. Lazaro, binamu wa mume wake, yuko kiwandani Buffalo. Miaka arobaini, hajaoa, hanywi, anaimba kwaya. Atakuja harusini. "Ukimkubali, mpaka Krismasi na wewe umeshamaliza."

Umeshamaliza. Kama mtu anayeosha vyombo.

Nilitaka kumkatia simu. Badala yake nikauliza ni mrefu au mfupi.

Jumatano, 15 Julai

Lazaro anapiga karibu kila siku. Anazungumzia theluji, hata mwezi huu wa saba. Sauti nzuri. Sisikii chochote. Nikiweka simu nasahau alichosema.

Nilimwambia habari za mama. Akasema mama naye aje, Buffalo hawakosi kliniki. Mtu mwema. Angekuwa mbaya ningekataa mapema nikapumzika.

"Kawia ufike," anasema mama. Ameanza kuimba akikoroga mboga. Hilo ndilo linalonitisha.

Nimeanza kuwaza ndiyo. Simuwazi yeye. Nawaza picha nitakayoweka kwenye grupu. Hata kitenge nimeshachagua.

Ijumaa, 7 Agosti. Columbus

Niko Linden, kwa shangazi yake Spesi. Nyumba imejaa mpaka ngazini. Mama nimemwacha na jirani yetu Mkongomani, Mama Riziki. "Bon, wende tu, mimi nitamupeleka ku kliniki," aliniambia. "Donc usirudiye mikono mitupu!" Akacheka peke yake.

Jioni wanawake wakaingia chumbani kumfunda Spesi. Nilikuwa nimeshabeba kiti changu. Shangazi akanishika mkono mlangoni, taratibu kabisa. "Wewe mwanangu bado. Utuangalizie watoto."

Konsolata alikuwa ndani tayari, amekaa kitandani. Spesi aliniona. Akatazama chini. Mlango ukafungwa.

Walicheka sana humo ndani. Mimi niligawa soda. Kifungua mimba wa Konsolata akaniuliza, "Auntie, where are your kids?" Nikamwambia anywe soda yake.

Kesho Lazaro akiuliza, nasema ndiyo. Nimechoka kuwa nje ya mlango.

Jumamosi, 8 Agosti

Spesi alipendeza. Nililia, watu wakadhani ni furaha. Labda nusu.

Lazaro ni mrefu. Shati limepigwa pasi vizuri. Tulikaa nje ya ukumbi na sahani zetu, ngoma inasikika. Alikula, kisha akafuta mikono.

"Dada Dafroza, nisikufiche. Wenzangu wote wana watoto. Nimechoka kuitwa kijana."

Aliyasema macho yake yakiwa ndani, kwa wanaume wenzake waliokuwa wakicheza. Na mimi ndipo nikajikuta namtazama Konsolata alivyomshika Spesi gauni lisiburuzike. Hatukuwa tumetazamana tangu tukae.

Neno ndiyo lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Nipe siku chache, kaka."

Jumapili, 9 Agosti

Barabarani siku nzima, mvua Cincinnati. Nilipofika mama aliniangalia usoni, akaniangalia mikononi. Nikamwambia harusi ilikuwa nzuri. Nyama nyingi.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimemkataa Lazaro. Kwa simu, kwa heshima. Nikamwambia tungeoana kwa sababu ya watu wengine, halafu wao warudi makwao, tubaki wawili mezani. Akasema asante, heri umesema mapema.

Konsolata hakushukuru. "Unasubiri malaika? Nimekutafutia mtu, unaniaibisha kwa mume wangu." Kweli nimemwaibisha.

Mama nilimwambia nikimpeleka kliniki. Alitazama dirishani mpaka tukafika. Akishuka akasema, "Mimi nitakufa, Dafroza. Utakaa na nani?" Mlango ukafunguliwa, muuguzi akamchukua.

Sijioni shujaa. Nimelia garini, nimekwenda kazini, nimekula wali wa jana.

Jumapili, 22 Novemba

Konsolata amefungua grupu jingine. La wake za watu. Spesi ndiye aliyeniambia, kwa upole, nisije nikasikia kwa mwingine. Ni mambo ya ndoa tu, anasema, yangekuchosha. Yeye mwenyewe ana mimba. Hilo pia nimelipata leo, wenzangu wanalijua siku nyingi.

Letu halijafutwa. Lipo. Neno la mwisho ni langu, la wiki iliyopita: "Mmeamkaje?"

Baridi. Leo hakuna kazi. Baada ya chakula nimemkata mama kucha za miguu karibu na dirisha. Zimekuwa ngumu, inabidi kwanza kuziloweka.

"Wenzako hawajambo?" akauliza.

Nikamwambia hawajambo. Nikaukausha mguu wa pili.