Nyumba Uliyoigongea Muhuri Bila Kuiona

Idrisa mjukuu wangu,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hujaitoa, maana nikiingoja nitazikwa nayo. Kutoka hapo Mikumi mpaka Kilosa ni basi moja tu, lakini tangu nije huku kumuuguza shangazi yako, mahindi yamepandwa na kuvunwa, wewe hata kivuli chako sijakiona. Mume gani wewe? Umeniacha bila talaka!

Mnaendeleaje? Sada mkeo bado anatapika? Mwambie atafune tangawizi. Mguu wa shangazi yako Zuhura umeunga, anatembelea fimbo. Ndiye anayeniandikia. Ananiambia nipunguze ukali. Nimemwambia kalamu ni yake, maneno ni yangu.

Sasa kaa chini. Jirani yetu, Mama Rehema, amekufa. Yule muuza barafu aliyekuwa akiniletea maji ya baridi kila adhuhuri na kunitania, "Kunywa Bibi, kaburini hakuna friji."

Friji lake lilikuwa linapiga shoti tangu nyumba ile iingizwe umeme. Dawa yao ilikuwa ndala. Jozi moja ya ndala za mpira ilikaa mbele ya friji. Ukitaka kufungua, unavaa kwanza. Hata wateja walijua. Mtu akisahau akarushwa, anaambiwa, "Huna adabu, unamwendea mkubwa miguu mitupu?" Tulicheka, Idrisa. Mimi mwenyewe nilizivaa.

Jumanne ile alikuwa ametoka kutawadha kwa sala ya alasiri, maji yanamchuruzika. Mteja akamwita dirishani, anataka barafu. Ndala hazikuwepo, mtu alikuwa amezivaa kwenda chooni. Akafungua hivyo hivyo. Nilisikia kishindo, nikadhani kaangusha ndoo. Nilipofika, mumewe, Mzee Athumani, alikuwa ameshazima meni swichi, amempakata pale sakafuni, anamwita. Hakuitika.

Baada ya matanga akaja mkaguzi wa umeme. Akaenda nyuma ya nyumba kuitafuta ile nondo ya shaba ya ethi, inayozamishwa ardhini ili umeme ukipotea njia ushukie huko. Akaing'oa kwa mkono mmoja kama muhogo. Urefu wake haukufika hata kiwiko changu. Chande, fundi aliyetandaza waya, alikuwa ameikata nondo moja vipande vitatu kwa nyumba tatu, kwa kuwa udongo ulikuwa mgumu na nyundo ilimchosha.

Mkaguzi akatoa fomu, ile ambayo mkandarasi mwenye leseni anatia saini kusema waya za nyumba hii nimezipima, ni salama, iwasheni. Shangazi yako akachungulia, akanifinya mkono. Jina lako. Saini yako. Muhuri wako.

Nilimfuata Chande kijiweni. "Idrisa alikuja lini kuipima nyumba ile?"

"Hajawahi kuja, Bibi. Mimi leseni sina, hata cheti cha chuo sijakipata. Nikimaliza kazi nampelekea fomu Mikumi, anagonga muhuri, tunakunywa chai. Mafundi wote ndivyo tunavyofanya."

"Na wote mmeshazika?"

Akainuka, akaacha chai yake mezani.

Wewe chuo ulimaliza. Ukafanya kazi miaka chini ya mkandarasi mwingine, ukaitwa kuhojiwa, ndipo wakakupa leseni. Mimi niliona wanakuzungusha bure, nikawatukana. Kumbe walikuwa wanatafuta mtu atakayekwenda kuangalia. Mimi darasani sijaingia hata siku moja. Karatasi zangu naweka dole gumba, na siliweki mpaka nisomewe mara mbili, na watu wawili tofauti. Wewe unayejua kusoma umeweka jina lako mahali ambapo hukutia mguu.

Nikuambie kinachoninyima usingizi. Mzee Athumani hajui kuwa wewe ni wangu. Kila asubuhi nampelekea uji, naye ananiuliza, "Bibi, huyo Idrisa naye ana mke?" Namwambia sijui. Nimemdanganya mfiwa, kwa umri huu, kwa ajili yako. Arobaini ni Ijumaa ijayo. Ikipita hujaja nitamwambia mwenyewe, na atakalotaka ufanyiwe sitalizuia.

Lakini sikutupi. Wakikunyang'anya leseni, shamba lipo, tutalima. Wakikufunga, chakula nitakuletea mpaka miguu inikatae.

Msalimie Sada, na mjomba wako Selemani anayenitunzia kuku. Mwambie nawajua kwa idadi. Mama lishe wetu wa stendi mwambie sijapata huku anayepika maharage kama yake.

Ukishuka basi, pita mlango wangu kama huujui. Nenda kwa Mzee Athumani, kaa jamvini, umtajie jina lako kamili na ulilofanya. Asipokujibu, usiondoke mpaka aseme ondoka. Kisha mchukue Chande, mzunguke nyumba zote ulizozigongea hivyo, mzizamishie nondo nzima ya ethi, watu wamelala humo. Ndipo uje kwangu ule.

Bibi yako,
Mwanahawa