Baba Alibadili Ulimi kwa Ajili Yangu

Mpendwa Mama Theda,

Naomba unisaidie, na unisamehe nikirefusha, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi na Jumamosi ijayo baba yangu anatimiza miaka tisini na mimi ndiye niliyepewa kusema mbele ya watu. Kwetu ni kijiji cha ng'ombe wa maziwa karibu na Aurich, na nyumbani tulisema Kiplati tu, lugha ya kule kwetu, hata mbwa aliitwa kwa Kiplati, mpaka nilipoanza shule nikawa nakaa darasani kama bubu, ndipo mwalimu akaja nyumbani akamwambia baba, "Bwana Hinderk, huyu mtoto ana akili, ila mkiendelea kumsemesha Kiplati hatafika popote." Baba alikuwa na miaka thelathini na mbili na Kijerumani sanifu, kile cha shule, alikisikia kanisani tu, lakini alipeleka redio kwenye banda la ng'ombe akawa anakamua huku akimfuatisha mtangazaji, na tangu hapo mimi peke yangu akanisemesha hicho Kijerumani chake kizito, na mama akaiga, wakati mdogo wangu Focko, aliyetarajiwa kurithi ng'ombe, aliendelea na Kiplati. Majirani walimtania, "Hinderk, leo unahutubia bunge?" naye hakuacha.

Nilisoma nikawa mfamasia hapa Hannover. Ila siku ya kumaliza shule, baba alimshukuru mwalimu mkuu akitumia Kijerumani chake, akakosea, nami nikamsahihisha palepale, watu wakacheka. Baba hakunigombeza wala hakulitaja tena, na mimi sijawahi kumwomba radhi, naona aibu hata kuandika.

Mama alifariki Februari. Wao wawili walikuwa wakinywa chai vikombe vitatu, vinne, wakipiga soga kwa Kiplati, lakini nikija mimi baba anamaliza kikombe kimoja, anaweka kijiko ndani kuonyesha imetosha, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwezi uliopita nikajikaza nikamwambia kwa Kiplati, "Baba, nimekuletea keki." Akanitazama, akajibu kwa Kijerumani cha shule, "Usijisumbue, binti yangu," na kijiko kikaingia kikombeni. Focko akaangua kicheko mlangoni: "Dada, unaongea kama mtalii aliyepotea!"

Nataka kumshukuru akiwa hai, Mama Theda. Nikisema Kiplati, ataona namdhihaki au nimeitupa kazi yake yote. Nikisema cha shule, najiona mgeni kwetu. Nisemeje?

Tomma, Hannover

*

Tomma mdogo wangu,

Pole sana kwa mama. Barua yako imefanya chai yangu ipoe, na huku kwetu hilo ni kosa kubwa. Mimi nami ni mtoto wa Kiplati. Mwalimu wangu alinisimamisha pembeni kwa kukisema, na nyumbani hakuna aliyebadili chochote kwa ajili yangu. Kwa hiyo sitakubembeleza. Una baba wa kuonewa wivu, na miaka yote hii umekuwa ukihesabu ulichonyimwa.

Hebu fikiri. Mtu mzima, mikono imejaa maziwa, anajifundisha lugha kwa redio, anachekwa na kijiji kizima, na anaitumia kwa mtu mmoja tu. Kile Kijerumani kizito ni chako peke yako. Focko hana. Mwache acheke.

Jumamosi simama useme Kijerumani cha shule, kizuri kuliko vyote ulivyonavyo, maana hicho ndicho alichokulipia kwa jasho, na ana haki ya kukisikia kikitumika. Taja redio. Taja banda. Waliosema anahutubia bunge watakuwa wamekaa palepale na keki mdomoni, waache wasikie. Kisha sema: "Siku ile nilimsahihisha baba yangu mbele ya watu. Leo namwomba radhi mbele ya watu." Ukilia, lia, ila usikae chini kabla hujamaliza.

Kiplati usikiguse siku hiyo. Mwezi uliopita ulikileta kama sadaka kwa mjane, na mzee ana heshima zake, akakurudishia. Subiri Jumapili wageni wakishaondoka. Chemsha chai mwenyewe, mkae wawili, umwambie, "Baba, nifundishe. Ulijifunza changu, nami nataka kujifunza chako." Halafu anza kusema, na ukosee. Utakosea tu, Focko keshathibitisha. Baba akikusahihisha, funga mdomo ushukuru. Miaka hamsini amesubiri zamu yake.

Mmiminie cha pili. Mmiminie cha tatu. Usiangalie saa wala treni ya Hannover, angalia kijiko. Kikiwa bado kwenye kisahani, mwana wa baba, bado ana la kukwambia.

Mama Theda