Posa Kwenye Mgahawa wa Mama Pasing

Lipa, Batangas
14 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Anselmo,

Hujambo huko majini? Kile kikohozi kimekuachia? Natumaini barua hii itakukuta Rotterdam ukiwa mzima na umekula. Sisi hatujambo. Mama analalamika goti, Baba ni yule yule unayemjua. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio hautulii. Tangu Jumapili nafagia ua uliokwisha kufagiwa, na barua hii nimeianza, nikaiacha, nikairudia.

Mama alikuandikia kwamba Dencio anataka kunioa. Ndiyo, Gaudencio, mtoto wa fundi saa wa pale sokoni, na ndiyo, ni baharia. Baba aliposikia neno hilo alinuna wiki nzima. Alisema bahari imeshachukua mtoto wake mmoja, na hana mwingine wa kuipa. Mtoto huyo ni wewe, Kaka, usijifanye hujui.

Basi wazazi wa Dencio walipoomba kuja kuposa, Baba akajibu waje, ila si nyumbani. Eti tukutane mgahawani kwa Mama Pasing, kila mtu anyooshee kidole sufuria anayoitaka kama wateja wengine. Mama alilia. Nani amewahi kusikia posa mgahawani? Anayekuja kuposa hupanda ngazi za nyumba na chakula mkononi. Unayekutana naye mgahawani ni mteja mwenzako tu. Hilo ndilo Baba alilotaka walielewe. Walilielewa, na Jumapili wakaja hivyo hivyo.

Mama Pasing anatujua, akatuonea huruma. Hakutuacha tunyooshe vidole. Alituwekea nyama ya adobo na wali, na katikati ya meza bakuli kubwa la supu ya bulalo, mfupa umesimama na uboho wake. Uboho ule hakuna aliyeugusa. Kila mmoja alimwachia mwenzake kwa heshima, mpaka mafuta yakaanza kuganda.

"Mzee, uboho huo unakungoja wewe," mama yake Dencio akamwambia Baba.

"Mpe baharia. Huko kwao wanakula makopo."

"Ni kweli, Mzee," Dencio akasema. "Ndiyo maana natafuta mke anayejua kupika."

"Basi umekosea nyumba. Wali wa Perlita ni ukoko mtupu."

Walicheka wote, na mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini Kaka, nilipata matumaini kidogo, maana unajua Baba hamtanii mtu asiyemtaka. Nikamwona Dencio anaweka kijiko chini, anavuta pumzi ili aseme lililomleta.

Simu ya mgahawa, ile inayotumiwa na mtaa mzima, ikalia. Mama Pasing akaipokea pale kaunta, akaita, "Dencio, ni wakala wako wa Manila."

Aliporudi rangi imempotea. Meli yake inaondoka mapema kuliko ilivyopangwa, anatakiwa Manila kabla ya jua kutua, la sivyo nafasi inapewa mtu mwingine. Posa haijasemwa, sahani yake ina wali nusu. Akauchukua mkono wa Baba akaugusisha kwenye paji la uso wake kuomba baraka. Baba alimpa mkono, kwa kuwa adabu ni adabu, ila hakumtazama. Mimi nilimsindikiza mpaka mlangoni tu. Nilichomwambia hakikuhusu.

Niliporudi mezani, watu walikuwa wanazungusha sahani zao pale pale mezani ili aliyeondoka afike salama, kama Bibi alivyotufunza. Mama alizungusha, baba yake Dencio alizungusha, mama yake alizungusha. Nami nikazungusha. Baba anakamua ndimu.

"Mzee, sahani," Mama akasema.

"Sahani ina nini?"

"Kuna mtu yuko njiani."

"Mimi nimekaa."

Hapo nilimchukia, Kaka, nakwambia kweli. Nilisema moyoni kwamba asipoizungusha nitabeba nguo zangu nimfuate Dencio Manila siku hiyo hiyo. Mama Pasing naye alisimama na mwiko wake, hakwenda mbele wala nyuma.

Baba akanawa vidole. Akashika ukingo wa sahani, akaizungusha taratibu, mpaka kipande cha adobo kilichokuwa upande wake kikawa upande wangu. Kisha akamwambia mama yake Dencio, "Akirudi mje nyumbani. Hapa supu ina chumvi nyingi." Mama Pasing alimtupia kitambaa cha kufutia meza. Mama yake Dencio akashindwa kujizuia, akalia na kucheka pamoja.

Nami nilikuwa nafuta macho nilipomwona Baba anaizungusha tena sahani, mzunguko mwingine mzima.

Mama akamuuliza, "Mbona mara mbili? Ameondoka mmoja."

"Yule mwingine aliondoka nimekasirika," Baba akasema. "Sikumzungushia."

Akauchukua ule mfupa, akaugonga sahanini na kula uboho uliopoa.

Dencio bado hajapiga simu, ndiyo maana ua wetu unang'aa. Ila si mimi peke yangu nisiyetulia. Tangu Jumapili Baba anakula kwa Mama Pasing kila mchana, yeye aliyelalamikia chumvi. Amehamia meza iliyo karibu na simu. Anasema anafuata upepo wa feni. Feni hiyo, Kaka, imeharibika tangu Pasaka.

Namba ya mgahawa nimeiandika nyuma ya bahasha. Usimwambie nimekuambia.

Mama anakusalimu na anakuombea kila usiku. Shangazi Ising anauliza kama umenenepa, na Mama Pasing anasema ukija usithubutu kula kwingine. Mungu aitulize bahari mbele yako na akurudishe ukiwa na njaa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Perlita