Baba Mkwe Namba Sitini na Tatu

Mama Domitille wa redio, amahoro. Mimi ninaitwa Jafari, niko na miaka ishirini na saba, ninakaa Rumonge, na kila Alhamisi ukianza kuongea mama yangu anaepua sufuria ili asikose neno, sasa leo ni zamu yangu, ninaomba usinicheke kabla sijamaliza.

Kazi yangu ni kuandika programu za ordinateri kwenye shirika moja linalogawa mbegu na mablanketi kwa watu waliokimbia vita, na saa ya mapumziko wenzangu wakienda kula mimi ninabaki kwenye mashine, maana pale iko jenereta, ninaandika programu zangu ambazo hakuna mutu aliniagiza, kwa kupenda tu. Iko moja inakuambia wavuvi watalala nyumbani siku gani kwa sababu ya mbalamwezi inayoshinda taa zao, iko moja inacheza kibuguzo, ule mchezo wa bao, na inakushinda, na iko ile ninayoipenda kuliko zote, unaiambia uko wapi, unatembea namna gani na njiani utakutana na watu wangapi wa kusalimia, inakujibu kama utafika kwako kabla ya couvre-feu, ile saa ambayo askari hawataki kuona mutu nje. Sasa mwaka huu nikajiambia, Jafari, hizi kazi zitafia humu ndani, tengeneza site yako dunia ione. Nikatengeneza miezi minane, nikaitia kwenye disketi, nikapanda basi linalosindikizwa na askari mpaka Bujumbura, nikaiingiza kwenye internet pale cyber, nikarudi salama, Mungu ni mukubwa.

Kosa langu ni kwamba kabla ya kusafiri nilisema. Nilimwambia Aristide, fundi wa baiskeli, akaniuliza hiyo kitu itaonekana mpaka kwenye kambi za Tanzania? Nikasema hata Canada. Akasema basi andika jina langu, ndugu zangu wajue niko muzima. Mama, ningekataaje? Kesho yake walikuja saba, siku ya tatu msururu ulifika barabarani, na mama mumoja alianza kulia hata kalamu sijashika. Programu zangu nikazisukuma chini kabisa, juu nikaandika kwa herufi kubwa SALAMU ZA WAZIMA WA RUMONGE, majina sitini na tatu, na ili mutu asiseme nimependelea, nikaiambia mashine iyapange kwa alfabeti. Nilijiona mutu wa haki kweli.

Sasa mimi niko na mchumba, Warda, na ndoa yetu ilikuwa ifungwe baada ya Ramadhani, na baba yake ni Mzee Zuberi. Zuberi, mama! Z! Wa kwanza ni Aristide, ambaye mzee hajamjibu salamu tangu wagombane juu ya ukuta, na wa mwisho kabisa, chini ya Wilondja muchinja nyama, ni baba mkwe wangu. Si kwamba sijui, hapa kwetu mutu mukubwa anatajwa mbele, kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye mkutano wa robine ya maji, lakini nikikaa mbele ya mashine akili yangu inabaki na alfabeti peke yake.

Asmani, kaka yake Warda aliyeko Bruxelles, akaifungua ile site, akampigia baba yake simu pale kwenye cabine ya sokoni, akamsomea jina moja moja, na mzee, amesimama na kanzu yake nyeupe, anarudia kila jina kwa sauti, na watu waliojaa mlangoni wanapiga makofi wakisikia lao. Kelele kama mechi. Wanasema alipofika kwenye jina lake hakulirudia, akasikiliza kidogo, kisha akasema kwenye simu, "Iko hapa, iko hapa, tulia," akaweka simu chini, akatoka bila kuaga mutu. Siku ileile akatuma mjumbe: ndoa hakuna. Nilikwenda na sukari, haikupokelewa. Warda hatoki nje, na nikipita pale wanafunga dirisha.

Mama, nimeshaipanga upya. Mzee Zuberi nimemweka namba moja, Aristide nimemtupa sitini na tatu, anisamehe. Lakini tangu juzi magari ya mbele ya msafara yapigwe risasi njiani, mama yangu ametandika mkeka mlangoni, anasema nikitaka kwenda Bujumbura nipite juu yake. Dereva mumoja wa mafuta ya mawese amekubali kukuletea bahasha hii. Ndani iko disketi, na kikaratasi chenye neno la siri, tafadhali usilisome redioni. Ninachoomba ni uende cyber uiingize, mzee aone namba yake, moyo wake utulie. Bila hivyo ninamkosa Warda, na mimi mwingine simtaki. Murakoze sana.

Jafari, Rumonge

*

Jafari mwanangu, kucheka nimecheka, nisamehe. Miaka sita niko kwenye kiti hiki nikisuluhisha mambo ya nyumba, nimeshapatanisha mabibi wawili waliogombania mwiko, lakini disketi hakuna mtu aliwahi kuniletea. Hata hivyo nilikwenda. Nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikaingia cyber, wakanifungulia ile site yako, nikasoma majina yote. Halafu nikasoma yale ya kwenye disketi, yote tena. Kicheko kikaniisha palepale.

Umekazana na namba ya mzee, umehesabu nani yuko juu na nani yuko chini. Hebu chukua orodha yako ya kwanza sasa hivi, uangalie pale mwisho. Juu ya Zuberi yuko Wilondja muchinja nyama. Na juu ya Wilondja, kwa hiyo alfabeti yako ya haki, alitakiwa akae nani? Warda! Hayumo, Jafari. Kwenye orodha ya zamani hayumo, na kwenye hii mpya, uliyoitengeneza kwa ajili ya kumpata yeye, hayumo vilevile. Wewe ni mzima kweli?

Najua ilikuwaje, huna haja ya kuniandikia tena. Wale wengine walikuja kwenye msururu wakaomba. Warda hakuja, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba na yeye kwako anapanga msururu.

Sasa kaa kwenye nafasi ya Asmani. Mtu yuko Ulaya, kwao kunapigwa risasi, anafungua karatasi iliyoandikwa wazima wa Rumonge, anamuona fundi baiskeli, anamuona muchinja nyama, anamuona baba yake, dada yake hamuoni. Na aliyeandika ni mchumba wake! Unadhani alipiga simu amsomee mzee namba? Alisoma pole pole mpaka mwisho kwa sababu aliogopa kuuliza. Na alipouliza, baba yake akajibu mbele ya soko zima, "Iko hapa, iko hapa, tulia." Ulilisikia hilo neno, umeniandikia mwenyewe, na hukulielewa. Mzee wa watu alikuwa anamwapia mwanawe kwamba binti hajafa. Kuwa wa mwisho kulimuuma, simkatalii, wanaume wa umri ule wanapenda kiti cha mbele. Lakini posa hakuivunja kwa ajili ya kiti.

Na bado. Nilipofungua kile kikaratasi chako cha neno la siri, nilikisoma nikakirudia hapo cyber mpaka wakaniuliza kama ninaumwa. Neno lako la siri ni "warda". Ndiyo, nimelisoma redioni, utalibadilisha! Jina la msichana umelitia mahali pamoja tu katika site nzima, mahali ambapo mtu yeyote haruhusiwi kuliona. Halafu unashangaa dirisha linafungwa.

Basi sikia, na usinijibu. Barabara ya Bujumbura iache, mama yako ana haki, asitoe mkeka wake. Aristide mrudishe alipokuwa, hakukukosea kitu. Kwa Mzee Zuberi nenda leo, mchana huu, na mtu mzima wa kwenu, mikono mitupu, sukari iache nyumbani. Habari ya namba usiitaje hata kidogo. Sema: baba, nilimsahau mtoto wako kati ya watu walio hai, nimekuja kuomba radhi kwako na kwake. Akikufukuza, rudi kesho. Akikufukuza kesho, rudi keshokutwa. Ukimaliza, mpigie Asmani simu, uombe na huko.

Disketi yako sikuiingiza, nimeifunga kwenye bahasha, dereva anakurudishia. Lakini jina moja nimeliandika mimi mwenyewe pale cyber, kwa vidole viwili: Warda, mzima. Imenichukua dakika moja, Jafari. Sasa zima redio, vaa viatu uende, kwa sababu na yeye saa hii ananisikiliza.