Kambare Niliyemvua kwa Waya wa Banda

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Makere hatujambo, maharage yamekomaa, na mama yako anakusalimu. Unauliza kama kweli nilivua samaki nikiwa msichana.

Kweli kabisa! Kaka zangu walininyima ndoano. "Msichana atavua nini?" Nikachukua waya uliobaki baba alipojenga banda la kuku, nikaupinda na kuunoa kwenye jiwe. Samaki wa kwanza aliunyoosha, akaenda zake. Walicheka hadi wakakaa chini. Nilipoutazama, nikaona kosa ni wembamba wa waya, si usichana wangu. Nikasokota nyaya mbili pamoja. Kesho yake nikavuta kambare mrefu kama mkono wangu, nikapita naye mbele yao polepole.

Jioni mama alianza kunipakulia mimi. "Aliyevua ale kwanza," akasema, nao wakasubiri.

Bibi yako akupendaye,
Adela